Mwali wa Buluu: Usafi na Matunzo ya Jiko la Gesi
Mada kwa watumiaji wa nishati ya kupikia, Nyamongo, Wilaya ya Tarime

 

Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hupokea malalamiko mengi kuhusu gesi ya kupikia, na mojawapo husikika karibu kila mahali: gesi imeisha kabla ya wakati wake. Mlalamikaji husema kwamba zamani mtungi ulimaliza mwezi, sasa haufiki wiki ya tatu; kwamba moto umekuwa wa njano na sufuria zinatoka na masizi kama zilizopikiwa kuni; na kwamba bila shaka muuzaji amemwibia.

Malalamiko hayo yanastahili kusikilizwa. Pengine ni kweli muuzaji ameiba. Lakini mara nyingine mwizi amekaa jikoni, juu ya meza, na tunampikia chakula kila siku. Jiko chafu hula gesi bila kutoa joto lake lote. Na jiko lisilotunzwa likianza kuvujisha, haliishii kwenye fedha. Linadai nyumba, linadai ngozi ya mtoto, na pengine linadai uhai. Kwa hiyo tuzungumze mambo mawili kwa pamoja: namna ya kumtambua mwizi wa gesi yako, na namna ya kulisafisha na kulitunza jiko ili lisikudhuru.

Woga wa gesi

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Sababu inajulikana na kila mama aliyewahi kupuliza kuni mbichi msimu wa mvua: moshi. Makadirio ya Serikali ni kwamba watu wapatao 33,000 hufariki nchini kila mwaka kwa maradhi yanayohusiana na moshi wa kupikia. Wakala wa Nishati Vijijini nao umekuwa ukisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, na kwa njia hiyo gesi imeingia katika nyumba ambazo hazikuwahi kuwa nayo.

Hata hivyo wapo wazee wanaosema, "Hilo bomu sitalala nalo." Woga huo si ujinga. Gesi ni nguvu iliyofungwa, na kila nguvu iliyofungwa inataka heshima. Lita moja ya gesi ya kimiminika iliyomo ndani ya mtungi ikitoka nje hupanuka na kuwa takriban lita 250 za mvuke. Anayeiogopa gesi bila kuijua huikimbia, na anayeizoea bila kuijua huichezea. Tunachotaka ni mtumiaji anayeijua.

Gesi hukaa wapi inapovuja

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Yenyewe haina harufu. Ile harufu kali, kama ya yai viza, huongezwa kwa makusudi ili pua itambue uvujaji kabla ya kiberiti kuutambua.

Jambo la pili ni uzito wake. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu hadi mara mbili. Vijana mnaoingia kwenye maduara hamhitaji somo refu hapa, kwa kuwa mnajua jinsi hewa mbaya inavyotuama chini ya shimo huku aliyesimama juu akivuta pumzi bila shida. Chumba kilichofungwa ni duara dogo. Gesi inayovuja haipandi kwenye dari ikatokea dirishani. Hutambaa sakafuni kama maji, hujaa chini ya kitanda, hupita chini ya mlango hadi chumba cha pili, na husubiri cheche.

Ndiyo maana dirisha peke yake halitoshi. Jiko linahitaji pia tundu la hewa karibu na sakafu, lisilozibwa kwa gunia wala ndoo. Na ndiyo maana mtungi haupaswi kuwekwa chini ya kitanda. Katika vyumba vya kupanga, ambako kulala, kupika na kuhifadhi mizigo hufanyika mahali pamoja, tunawasihi wenye nyumba na wapangaji wakubaliane kutenga sehemu ya kupikia nje au barazani. Gharama ya banda dogo la mabati hailingani na gharama ya nyumba.

Soma rangi ya moto

Jiko zima huwaka kwa mwali wa buluu, uliotulia, usio na masizi. Rangi hiyo inaonyesha kwamba gesi na hewa vinachanganyika kwa kiasi kinachofaa na kwamba gesi yote uliyoilipia inageuka kuwa joto.

Mwali ukiwa wa njano, ukirukaruka au ukitoka upande mmoja tu, kuna kitu kimeziba. Maziwa yaliyofurika yakaungua juu ya kichwa cha jiko, uji uliomwagika, mafuta ya kukaangia dagaa, vumbi la barabarani lililogandia kwenye mafuta hayo, hata utando wa buibui ndani ya bomba la kuchanganyia hewa: vyote hivi huinyima gesi hewa. Gesi isiyoungua sawasawa hutoa joto kidogo, hupaka sufuria masizi na huzalisha hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu akiipumua katika chumba kilichofungwa huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, na akilala anaweza asiamke. Hewa hiyo hiyo hutoka kwa wingi kwenye jiko la mkaa. Kwa hiyo, hata usiku uwe na baridi kiasi gani, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kuota moto.

Mwali unaweza pia kubadilika rangi kidogo mtungi unapokaribia kuisha. Lakini ukibadili mtungi na mwali ukabaki wa njano, basi usimlaumu muuzaji kwanza. Lisafishe jiko.

Namna ya kulisafisha

Kila siku, baada ya kupika na jiko kupoa, futa uso wake kwa kitambaa chenye maji na sabuni, hasa mahali palipomwagika maziwa au mafuta. Kilichomwagika leo hutoka kwa kitambaa, ila kikikaa juma zima kitahitaji kisu, na kisu hukwaruza.

Mara moja kwa wiki, au kila siku mbili kwa mama lishe anayepika tangu alfajiri, lisafishe kwa ukamilifu kwa utaratibu huu:

1. Funga koki ya mtungi kwanza. Kama jiko lina mpira, acha moto uwake hadi uzimike wenyewe, ili gesi iliyobaki ndani ya mpira iishe. Kisha funga vitufe vya jiko.

2. Subiri jiko lipoe kabisa. Usimwagie maji jiko la moto, kwa kuwa chuma na kioo hupasuka kwa mabadiliko ya ghafla ya joto.

3. Ondoa vyuma vya kuwekea sufuria na vichwa vya jiko vinavyofunguka kwa mkono. Vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida. Usiviloweke katika magadi, kwa sababu vichwa vingi vimetengenezwa kwa alumini na magadi huila. Majivu na waya wa kusugulia viache kwa sufuria, kwani punje zake huingia kwenye matundu na kuyaziba.

4. Safisha matundu ya kichwa cha jiko kwa mswaki wa zamani. Tundu lililoziba zibua taratibu kwa uzi mwembamba wa waya. Lakini lile tundu dogo la katikati linalotoa gesi, ambalo mafundi huliita nozeli, usilichokoe kwa sindano wala msumari. Limepimwa, na likipanuka hata kidogo jiko litatoa gesi nyingi kuliko hewa iliyopo, nawe utakuwa umenunua mwali wa njano wa kudumu. Hiyo ni kazi ya fundi.

5. Usitumie petroli, mafuta ya taa wala kiyeyusho cha rangi kuondoa mafuta yaliyogandia. Mvuke wake hubaki katika matundu na utawaka pamoja na kiberiti chako cha kwanza.

6. Kausha kila kipande. Maji yaliyobaki ndani ya kichwa cha jiko huzuia moto na huleta kutu. Rudisha kila kitu mahali pake na uhakikishe kichwa kimekaa sawa.

7. Fungua koki ya mtungi huku vitufe vya jiko vimefungwa, kisha pima uvujaji kwa povu la sabuni. Paka povu kwenye maungio ya mtungi, kidhibiti cha gesi na mpira. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Usipime kwa kiberiti. Aliyepima kwa kiberiti hupata jibu ambalo hakulitaka.

Unapowasha, washa njiti kwanza, isogeze, ndipo ufungue gesi. Ukitanguliza gesi kisha ukatafuta kiberiti, umeipa nafasi ya kujikusanya.

Wenye majiko ya umeme, ikiwemo yale ya presha, kumbukeni kuchomoa waya kabla ya kusafisha. Sufuria ya ndani huoshwa, lakini chombo chenyewe hakitumbukizwi majini. Kagueni pia tundu la kutolea mvuke kwenye kifuniko lisizibwe na maharage au ute wa ndizi.

Matunzo: mpira, mtungi na mwiko

Mpira wa gesi huzeeka. Kila mwezi upinde taratibu kwa vidole na uutazame. Ukiona nyufa, uvimbe, ugumu au alama za meno ya panya, ubadilishe siku hiyo hiyo, usiufunge kwa gundi wala kwa mpira wa baiskeli. Tumia mpira uliotengenezwa kwa ajili ya gesi, wenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na uubane kwa vibano pande zote mbili. Usiupitishe nyuma ya jiko lenye moto.

Kidhibiti cha gesi, ambacho wengi hukiita regyuleta, kilingane na vali ya mtungi wako. Kisipoingia vizuri, usikilazimishe wala usikizungushie nailoni. Kila unapobadili mtungi, kagua kipira kilicho kwenye vali, na kikiwa kimepasuka au hakipo, rudisha mtungi dukani.

Mtungi husimama wima wakati wote. Ukilazwa, kimiminika huingia kwenye kidhibiti na moto unaweza kulipuka mbele yako. Kwa hiyo ule mtindo wa kuulaza au kuutumbukiza katika maji ya moto ili utoe gesi ya mwisho hauna usalama wowote. Bodaboda anayeubeba aufunge ukiwa umesimama.

Sasa nizungumzie mwiko. Mtungi wa kilo 6 wenye kichwa cha jiko kilichofungwa juu yake ni kifaa cha familia ndogo. Lakini sisi ni watu wa ugali. Ugali wa muhogo na mtama wa watu kumi hausongwi kwa vidole viwili. Msongaji huinama, hushika sufuria kwa nguvu na kuuzungusha mwiko kwa mabega. Nguvu zote hizo hushuka kwenye shingo ya mtungi. Mtungi huyumba, maungio hulegea kidogo kidogo, na siku moja sufuria na mtungi huanguka pamoja, na karibu yake pengine yuko mtoto. Kwa sufuria kubwa tumia jiko lenye miguu imara ya chuma, lililokaa chini na kuunganishwa na mtungi kwa mpira, mtungi ukiwa mbali na moto. Kama huna, songa ugali huo kwa vipande viwili. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa dakika chache.

Jiko la chakula si la kuchomea dhahabu

Hili halimo katika vitabu vingi vya matunzo ya jiko, lakini kwa Nyamongo nisingelisema ningekuwa sijasema kitu. Katika maeneo ya uchimbaji mdogo wapo wanaochoma dhahabu iliyoshikwa na zebaki kwenye jiko la nyumbani, usiku, mlango ukiwa umefungwa kwa kuhofia macho ya watu. Mvuke wa zebaki hauna harufu wala hauonekani. Hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na humdhuru mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake. Mvuke huo hupoa na kutulia juu ya jiko, ukutani, kwenye sufuria na nguo, kisha jiko likiwashwa kesho yake kwa chai hupanda tena.

Sabuni haiondoi sumu hiyo. Jiko, kikaango au kijiko kilichotumika kuchomea dhahabu kisirudi kamwe kwenye chakula. Na uchomaji wenyewe usifanyike ndani ya nyumba. Kijana, unatafuta riziki ya watoto wako. Usiwalishe zebaki kwa riziki hiyo hiyo.

Ukisikia harufu, ukiona moto

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti. Usiwashe taa na usizime iliyokuwa ikiwaka, kwa kuwa swichi hutoa cheche. Usipige simu ukiwa ndani. Funga koki ya mtungi kama unaifikia bila hatari, fungua milango na madirisha, toa watu wote nje, na uwaonye majirani wazime majiko yao. Ukiwa mbali na nyumba, piga 114, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Gari litakuja, lakini dakika za mwanzo ni zenu ninyi mliopo.

Mafuta ya kukaangia yakishika moto, usiyamwagie maji, kwani maji yatayarusha yakiwaka. Funga gesi na uifunike sufuria kwa mfuniko au sinia, kisha uiache ipoe bila kuifunua.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, yai, mafuta na matope hufungia joto ndani ya ngozi na kuleta maambukizi.

Basi mwizi ni nani?

Turudi kwa mlalamikaji wetu. Ana mashahidi wawili: mizani na mwali.

Mizani huulizwa dukani. Muuzaji wa gesi anatakiwa kuwa na mizani, na wewe una haki ya kuona mtungi wako ukipimwa. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Jumlisha na uzito wa gesi unayoinunua. Kama mtungi mtupu ni kilo 7 na gesi ni kilo 6, mizani isome kilo 13. Hakikisha lakiri haijavunjwa na mtungi hauna kutu kubwa wala mbonyeo. Pima kwa povu hapo hapo, na dai stakabadhi. Anayejaza mitungi midogo kutoka mikubwa nyuma ya duka anavunja sheria na anahatarisha mtaa mzima, kwa hiyo usinunue kwake hata kama bei yake ni ndogo.

Mwali huulizwa nyumbani. Kama mizani ilisoma sawasawa na mwali ni wa njano, mwizi ni uchafu, na dawa yake ni maji, sabuni na nusu saa ya Jumamosi. Kama jiko ni safi, mwali ni wa buluu, povu halioneshi uvujaji, na bado gesi imeisha upesi kuliko kawaida kwa mapishi yale yale, basi mtazame muuzaji. Anza kwa kumpelekea malalamiko yeye mwenyewe, ukiwa na stakabadhi na lakiri. Asipokutendea haki, ulete kwa EWURA, au kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC. Masuala ya mizani yapelekwe pia kwa Wakala wa Vipimo, na ya vifaa duni kwa TBS. Malalamiko yenye ushahidi ni vigumu kuyapuuza.

Ndugu zangu, haya yote hayahitaji elimu kubwa wala fedha nyingi. Yanahitaji kitambaa, povu la sabuni na jicho la kila siku. Leo jioni mtakapowasha majiko yenu, kabla ya kuweka sufuria, tazameni rangi ya moto kwa muda mfupi. Ukiwa wa buluu, pikeni kwa amani. Ukiwa wa njano, mmeshajua pa kuanzia.